Mbwa wa kutumwa: mwongozo kamili wa kumfundisha mbwa kubeba, kuokota na kupeleka vitu

Mbwa anaweza kubeba kikapu kutoka dukani, kuokota funguo zilizoanguka, kumletea bibi mkongojo wake, na kupeleka karatasi kutoka jikoni hadi kwa mtu aliye mwisho wa shamba. Kazi hizi hazihitaji mbwa wa kizungu. Mbwa wa kienyeji wa Chang'ombe au Nkuhungu hapa Dodoma, mwenye kilo 15 hadi 20, anaziweza zote. Kinachotakiwa ni kuikata kila kazi vipande vidogo, kumlipa mbwa kwa kila kipande mpaka akielewe, ndipo uguse kinachofuata. Wanaoshindwa hushindwa hapo. Wanampa mbwa kikapu siku ya kwanza, anakiangusha, wanamkaripia, na tangu siku hiyo akiona kikapu anaingia chini ya gari.

Maelezo haya yamepangwa kwa hali ya Dodoma: jua, vumbi, mbigiri, mbuzi wanaozurura mtaani, bodaboda, na majirani ambao baadhi yao hawataki mbwa awakaribie.

Mbwa gani, umri gani

Mbwa anayeiba ndala na kuzunguka nazo uani ameshajifundisha nusu ya kazi. Ana hamu ya kushika vitu mdomoni, na hamu hiyo ndiyo mtaji wako, kwa hiyo usimchape kwa ajili yake. Mpime pia ujasiri: dondosha sufuria tupu sakafuni hatua tatu kutoka alipo. Anayeshtuka kisha akarudi kuinusa anafaa. Anayetoroka na kujificha muda mrefu ataweza kazi za ndani, lakini barabarani atateseka. Mbwa aliyewahi kung'ata mtu, au anayenguruma akisogelewa wakati wa kula, asipelekwe dukani hata awe mwerevu kiasi gani.

Mtoto wa mbwa wa wiki nane anaweza kujifunza jina lake, kuja akiitwa na kukaa. Kati ya miezi minne na sita meno ya utoto yanang'oka na fizi zinamuuma. Kipindi hicho mpe vitambaa laini tu, usimlazimishe kushika kitu kigumu. Mzigo wa mgongoni usubiri miezi 18, mifupa iwe imemaliza kukua. Mbwa mtu mzima wa miaka mitano au sita anafundishika vizuri tu, na mara nyingi ana utulivu kuliko kijana.

Kabla ya somo la kwanza, maliza mambo ya afya. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Muone afisa mifugo wa kata, na kadi uitunze, kwa sababu siku mbwa wako akimkwaruza mtu dukani swali la kwanza litakuwa hilo. Dawa ya minyoo mpe kila miezi mitatu. Utumbo, maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni usimpe kabisa: humo mna malengelenge ya tegu ambayo hukomaa tumboni mwa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi yakawafikia watu. Mbwa anayeshika vitu vya nyumba kwa mdomo ni lazima awe safi kuliko mbwa wa kufungwa getini.

Malipo na maneno

Mbwa hafanyi kazi kwa shukrani. Chemsha robo kilo ya maini ya ng'ombe kwa dakika 15 hadi 20 bila chumvi wala kitunguu, yapoe, kisha yakate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Weka vya siku mbili tatu kwenye jokofu, vingine vigandishe. Usizidishe kiganja kimoja kwa siku, maana maini mengi huharisha na yana vitamini A nyingi mno. Firigisi za kuku zilizochemshwa zinafaa, na dagaa wakavu wasio na chumvi vilevile. Kwa kazi nyepesi za ndani, hata vitonge vidogo vya ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa nyama vinatosha. Kiasi hicho kipunguze kwenye chakula chake cha jioni.

Zabibu ni sumu kwa mbwa. Mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo zake, na hakuna kipimo cha kusema kiasi hiki ni salama: wapo wanaodhurika kwa chache tu. Mji huu unauza zabibu kila kona, na mashamba ya Hombolo, Mpunguzi na Mvumi huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo jambo hili si la kupitiwa juu juu. Mbwa akila zabibu, nenda kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usisubiri atapike au alegee. Kitunguu na chokoleti navyo asipewe.

Sasa chagua neno moja la kumwambia "hapo umepatia". Tunapendekeza "Safi!", fupi na kwa sauti ileile kila mara. Mfundishe maana yake kabla ya kazi yoyote: sema "Safi!", kisha mpe kipande ndani ya sekunde moja. Rudia mara kumi, pumzika, rudia tena. Siku ya pili au ya tatu sema "Safi!" akiwa ameangalia pembeni, akigeuza kichwa haraka, ameshaelewa. Mkono wako uingie mfukoni baada ya neno. Ukitangulia, mbwa atajifunza kuutazama mkono na hatalisikia neno.

Maneno ya kazi yasifanane mwanzo. "Njoo" na "ngoja" yanamchanganya mbwa, hasa yakisemwa kwa haraka, vivyo hivyo "acha" na "achia". Orodha inayofanya kazi vizuri ni hii: Njoo, Subiri, Acha, Shika, Leta, Toa. Iandike ubandike jikoni, na wote nyumbani, watoto na dada wa kazi wakiwemo, watumie maneno hayohayo. Bibi akimsemesha Kigogo na baba Kiswahili kwa kazi ileile, mbwa atafanya kwa mmoja na kumpuuza mwingine. Chagueni moja.

Somo moja ni dakika tatu hadi tano, mara mbili au tatu kwa siku, mbwa akiwa na njaa kidogo. Jaribu mara kumi. Akipatia nane, songa mbele siku inayofuata. Akipatia tano au chini yake, umeruka kipande; rudi nyuma.

Msingi: Subiri na Acha

"Subiri" ni rahisi. Mbwa akiwa amekaa, onyesha kiganja, sema neno, hesabu moja, "Safi!", mlipe palepale alipokaa. Ongeza sekunde kwanza, umbali baadaye, na mwisho vishawishi. Usiongeze viwili kwa mpigo. Lengo ni dakika mbili ukiwa hatua tano mbele yake na watu wakipita.

"Acha" ndilo neno litakaloiokoa nyama yako. Fumba kipande cha ini kwenye ngumi, umsogezee. Atalamba, atakwaruza, atasukuma kwa pua. Usiseme kitu. Mara tu akivuta pua nyuma, hata kwa kitambo kidogo, sema "Safi!" na umlipe kwa mkono *mwingine*. Akizoea, fungua kiganja. Kisha weka ini chini ukilikinga kwa kiatu. Kisha liache wazi. Kisha weka mkate ndani ya kikapu. Mwishoni nyama iliyofungwa. Kitu alichoambiwa aache asikipewe kamwe baadaye, kwa kuwa akikipata mara moja atajua kwamba "Acha" maana yake ni "bado kidogo".

Neno hilohilo lifanyie kazi kwa kuku na mbuzi. Mfunge kamba ya mita tano, simama mita 30 kutoka kwa mbuzi, umuache awatazame. Akigeuka kukutazama wewe, "Safi!" na malipo manono. Sogea mita tatu au nne, rudia. Akianza kuvuta kamba na kulia, umesogea mno. Rudi nyuma mpaka masikio yake yalegee. Kazi hii inaweza kula wiki kadhaa na usiikatishe, kwa sababu mbwa mwenye kikapu anayefukuza mbuzi wa mtu atakutia gharama na uadui.

Shika: hapa ndipo penye kazi

Kila kitu kingine kimejengwa juu ya kushika vizuri: kwa utulivu, bila kutafuna, mpaka mkono wa mtu upokee. Tenga wiki tatu hadi sita.

Tengeneza kifaa cha mazoezi. Chukua kipande cha mti kikavu chenye urefu wa sentimita 20 na unene wa 2 hadi 2.5, kisugue kwa msasa, kizungushie kitambaa cha pamba katikati. Kila mwisho funga kibao kidogo ili katikati inyanyuke sentimita tano kutoka sakafuni na taya la chini lipate pa kuingia. Mti wa mpera au mpini wa zamani wa jembe unafaa. Usikate mwarobaini, ingawa umejaa kila uani, kwa kuwa ni mchungu na mbwa ataukataa ukadhani ni ukaidi. Wala usikate mnyaa kutoka kwenye uzio: utomvu wake mweupe unaunguza mdomo na macho, ya mbwa na yako.

Kipande cha kwanza: shikilia kifaa sentimita kumi mbele ya pua yake. Akikigusa kwa pua, "Safi!", mlipe. Kipande cha pili: acha kulipa pua tupu. Atashangaa, atajaribu tena kwa nguvu zaidi, na mahali fulani meno yatagusa kitambaa. Hapo ndipo pa kulipa. Kipande cha tatu: lipa akifumba mdomo juu ya kifaa, wewe ukiwa bado umekishikilia. Usikisukumie mdomoni. Mbwa aliyelazimishwa atashika huku amekunja shingo na masikio yamelala, na siku ya kazi halisi atatema.

Kipande cha nne ni muda, na ndicho kinachowashinda watu wengi. Legeza vidole vyako lakini visiondoke, hesabu nusu sekunde, "Safi!". Kisha sekunde moja, mbili, tatu, tano, kumi. Usipande moja kwa moja; baada ya tano mpe mbili, kisha sita, kisha tatu. Mbwa anayeona kila zamu ni ngumu kuliko iliyopita huacha kujaribu. Tazama taya. "Safi!" itoke wakati taya limetulia kabisa. Ukichelewa robo sekunde ukasema wakati anatafuna, umenunua kutafuna, na utakuwa ukilipia kosa hilo kwa wiki nzima. Ukifika sekunde kumi zilizotulia, anza kulitanguliza neno "Shika" kabla hujamsogezea kifaa.

Kipande cha tano, "Toa". Mkono wako uje mtupu, ushike kifaa, sema "Toa", atakapolegeza taya "Safi!", ndipo mkono mwingine uende mfukoni. Mbwa akiona ini kwanza, atatema popote alipo. Hivyo ndivyo mayai yanavyovunjika.

Kipande cha sita ni kutembea. Akiwa ameshika, rudi nyuma hatua moja. Akikufuata hatua moja bila kuangusha, lipa. Mbwa wengi hutema wanapoanza kutembea kwa sababu kwao kushika na kutembea ni mambo mawili tofauti. Nenda hatua moja, mbili, tano, kumi, kisha kuzunguka nyumba. Kipande cha saba ni kuokota kutoka chini: shusha kifaa kidogo kidogo kutoka usawa wa pua hadi kifuani, gotini, sakafuni ukiwa umekishikilia, na mwishowe sakafuni bila mkono. Hapo "Leta" imezaliwa.

Kikapu

Mpime mbwa kutoka ardhini hadi chini ya taya akiwa amesimama kichwa wima. Kikapu pamoja na mshikio wake kisizidi nusu ya kipimo hicho, la sivyo kitagonga miguu ya mbele kila hatua. Kwa mbwa wengi wa kienyeji ni sentimita 20 hadi 28. Kikapu cha ukindu ni bora kuliko cha plastiki, kwa sababu mshikio wa plastiki huteleza na ule wa waya huumiza meno. Uzungushie kitambaa kilekile cha mazoezi mpaka uwe na unene wa sentimita 2.5, harufu na umbo anavijua tayari.

Anza na kikapu kitupu kilichowekwa juu ya stuli, mshikio ukiwa wima. Ukilala pembeni atakamata ukingo na kuubomoa. Ushone kwa uzi mgumu usimame. Akikibeba hatua 20 kikiwa kitupu, weka kitambaa, kisha kiberiti, kisha kipande cha sabuni. Kwa mbwa wa kilo 15 hadi 20, mzigo wa mdomoni usizidi nusu kilo, kikapu kikiwemo. Shingo ndiyo inayolipa gharama, na haionekani mpaka imeshaumia.

Vya kubeba hivi: mkate, majani ya chai, vocha, kiberiti, sabuni, dawa za kaunta zikiwa kwenye kopo lenye kifuniko. Mafuta ya taa, dawa za kunyunyizia mimea, visu na zabibu visipite mdomoni mwake kabisa. Nyama ibebe mwenyewe mpaka "Acha" iwe chuma.

Sogi la mbwa

Mzigo unaozidi nusu kilo unahama kutoka mdomoni kwenda mgongoni. Punda wa Dodoma hubeba sogi. La mbwa ni hilohilo kwa udogo. Mpe fundi cherehani turubai na vipimo: mifuko miwili ya sentimita 20 kwa 15, unene wa 6, yenye vifuniko vya kufunga, iliyounganishwa na kipande cha upana wa sentimita 12 kilichoshonewa blanketi kuukuu kwa ndani. Mikanda ni miwili, mmoja unapita mbele ya kifua na mwingine nyuma ya miguu ya mbele. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na manyoya. Sogi likae juu ya mbavu za mbele, nyuma tu ya mabega. Likirudi kiunoni linavunja mgongo polepole.

Uzito wote, sogi likiwemo, usizidi asilimia kumi ya uzito wa mbwa. Ili kumpima, panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Mbwa wa kilo 20 anabeba kilo mbili: sogi gramu 500, sukari nusu kilo kulia, pakiti ya chumvi ya nusu kilo kushoto, na hapo bado ana nafasi. Mwanzoni mpe nusu ya kiwango hicho. Pande mbili zilingane. Tofauti ya gramu 100 inatosha kulipindua sogi na kumchubua. Siku tatu za kwanza avae sogi tupu ndani ya ua kwa dakika tano, huku akilipwa. Wengine husimama kama wamepigiliwa misumari. Usimvute, tupa kipande cha ini hatua moja mbele, na kingine mbele yake.

Safari ya dukani

Msimamo wetu hauyumbi hapa: mbwa asitumwe barabarani peke yake, hata kama njia anaijua na Mangi mwenye duka anamfahamu. Bodaboda haimuoni. Mbwa wengine watamvamia kwa ajili ya mkate. Mtu anayeogopa kichaa cha mbwa, na ana sababu ya kuogopa, atamrushia jiwe. Nje ya uzio mbwa anabeba, wewe unaongoza, na kamba iko mkononi mwako.

Zungumza na mwenye duka kabla, siku ambayo hukuja na mbwa. Muulize pa kumkalisha; mita tatu kutoka dirishani, kivulini, pasipo njia ya watu. Waislamu wengi nchini hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na mtu anayejiandaa kuswali akiguswa na pua yenye unyevu inabidi apasafishe kwanza. Kwa hiyo kikapu cha mdomoni kisipite dirishani. Pokea vitu kwa mfuko wako, rudi kwa mbwa, ndipo uhamishie. Kitu cha kumpelekea jirani kiende kwenye sogi, si mdomoni. Adabu hii ndogo ndiyo inayoamua kama mtaa utamkubali mbwa wako.

Zoezi la njia lianze kutoka mwisho. Beba kikapu mwenyewe kutoka dukani mpaka mita kumi kabla ya geti lako, hapo umpe, amalizie, alipwe vizuri ndani ya ua. Kesho mita 30, keshokutwa 60. Akiwa anaelekea mahali pa malipo anapojua, mwendo wake unakuwa na nguvu. Ukianzia dukani atachoka katikati na kujifunza kutema katikati.

Ndani ya ua uliofungwa au shambani kwako ndipo anapoweza kwenda peke yake kati ya watu wawili. Mmoja anampa "Shika", wa pili, akiwa mita tano mbele, anaita "Njoo", anapokea kwa "Toa" na kulipa. Kisha mita 10, 20, 50. Ongeza jina la mpokeaji kabla ya kumuachia: "Peleka kwa Mama." Kwa siku chache mpokeaji awe mmoja, ndipo uongeze wa pili upande wa pili wa shamba. Kwa wenye mashamba ya zabibu hili linaokoa hatua nyingi wakati wa kupogoa. Ila wakati wa mavuno, zabibu zikiwa zimedondoka chini, na siku za kupuliza dawa, mbwa abaki nyumbani.

Kazi za ndani

Kwa mzee mwenye mgongo mbaya, kuokotewa vitu kuna thamani kuliko safari yoyote ya dukani. Funguo zifunge kamba ya ngozi ya urefu wa sentimita kumi, kwa kuwa mbwa wengi hawapendi chuma mdomoni. Mkongojo uzungushie kitambaa katikati ili ashike pale panapolingana uzito. Akishika mwisho, ncha nyingine itampiga bibi miguuni. Simu iwe na kasha la mpira. Kila kitu kipya kirudishe kwenye kipande cha kwanza cha Shika. Kwa mbwa aliyekwisha kuelewa, vipande vyote saba hupita ndani ya somo moja au mawili.

Jua na mbigiri

Fanya mazoezi kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, punguza zaidi. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami au mchanga kwa sekunde saba; ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua. Mbwa anayebeba kitu mdomoni hawezi kuhema vizuri, na kuhema ndiyo njia yake kuu ya kupoza mwili, kwa hiyo kila baada ya dakika tano sema "Toa" na umpe maji. Mbwa wa kilo 20 anahitaji walau lita moja kwa siku hata bila kazi.

Mate mazito, ufizi mwekundu sana, kuyumba na kutapika ni dalili kwamba joto limemzidi. Mpeleke kivulini, mwagia maji ya kawaida tumboni, kwapani na nyayoni, mpepee. Ayanywe mwenyewe, usimmiminie mdomoni. Kisha kwa daktari.

Kila mkirudi, kagua katikati ya vidole vya miguu yote minne. Mbigiri mmoja uliosahaulika unatengeneza jipu, na mbwa mwenye jipu hukataa kazi ukadhani amesahau.

Yanapoharibika

Akikimbia na kitu, usimfukuze. Kwake ni mchezo na amekushinda. Kimbia wewe kuelekea upande mwingine, akufuate, kisha mbadilishie kwa malipo. Kwa wiki moja fanya mazoezi kwenye kamba.

Akitafuna, rudi kwenye sekunde moja. Wakati mwingine sababu ni kifaa laini mno kinachomkumbusha mfupa. Jaribu kilicho kigumu kidogo.

Akifanya vizuri nyumbani na vibaya mtaani, hajakaidi. Mbwa hujifunza kitu pamoja na mahali alipojifunzia. Rudia vipande vyote mlangoni, kisha getini, kisha njiani, ukiwa na malipo bora kuliko ya ndani.

Akifanya kazi kwa mtu mmoja tu, yule mmoja aondoke chumbani na wengine waanze kutoka Shika ya sekunde tano.

Akikwaruza au kung'ata mtu, hata kidogo na hata kama ana chanjo, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo, nawe uende naye ukiwa na kadi.

Na mbwa aliyekuwa akishika vizuri kwa miezi kisha ghafla akaanza kukataa, fungua mdomo wake kwanza kabla ya kulaumu mafunzo: jino lililovunjika, ufizi uliovimba, au kipande cha mfupa kilichokwama katikati ya meno ya juu. Kikitolewa na kidonda kikapona, mrudishe kwenye kitambaa laini kwa siku mbili, ndipo umpe kikapu tena.